Baraza la Bwana Fakihi

— Paukwa!

— Pakawa!

— Mmeitika kama watu walionyeshewa. Tena! Paukwa!

— Pakawa!

— Mwenye sikio?

— Alitege!

— Mwenye usingizi?

— Arudi kwao!

— Na mwenye kiatu?

— Akivue, maji yaja!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani, usije ukasema hukusikia.

Hapo kale. Si kale ya babu wa babu, la. Kale ya masika tu, kale ambayo matope yake bado yamo ukutani ukiangalia vizuri. Palikuwa na kisiwa, kisiwani palikuwa na mji, na mjini palikuwa na mtaa ukiitwa Kwabata.

Kwa nini Kwabata? Kwa sababu zamani palikuwa na bwawa, na bwawani palikuwa na bata. Bata waliogelea, bata wakataga, bata wakalea. Kisha watu wakaja na kifusi. Wakalijaza bwawa, wakajenga nyumba, bata wakahamishwa. Jina wakaliacha. Nawaulizeni: mtu akikwambia hapa ni kwa bata, na wewe si bata, utajenga? Wao walijenga. Msiwacheke. Mji ulijaa, na mtu lazima apate pa kulala.

Lakini wale waliojaza bwawa hawakuwa wajinga. Walichimba mtaro wa mawe, mpana, mtu mzima anapita ndani yake akiinama. Ulianzia katikati ya mtaa ukatokea kwenye mikoko, ufuoni. Mvua ikinyesha maji yakiteremka, yakiingia mtaroni, yakienda baharini. Maji hufuata mkondo. Miaka na miaka, Kwabata watu walilowa vichwa tu, hawakulowa miguu.

Sasa mwisho wa mtaa, pale pale mtaro unapotokea, alikaa bwana mmoja jina lake Fakihi, mwuza mbao. Mtu wa kanzu nyeupe, mtu wa mkono wazi, nyumba yake imekaa juu ya msingi mrefu. Alikuwa na kila kitu ila kitu kimoja: hakuwa na baraza. Na Kwabata, mwenye nyumba asiye na baraza huonekana kama mpangaji, hata akiwa na ghorofa. Barazani ndipo kahawa inaponywewa, ndipo dhumna huchezwa, ndipo posa huanzia na habari za misiba husikika. Bwana Fakihi aliangalia mbele ya nyumba yake, akaona hana nafasi. Palikuwa na mtaro.

Je, alijenga kwa siri? Hata! Aliwaita watu wote.

"Jamani, nataka kujenga baraza juu ya mtaro. Mwasemaje?"

"Jenga!"

"Nitajaza kifusi, chini yake nitapitisha bomba. Bomba pana kama sinia. Litatosha?"

"Litatosha!"

"Kweli litatosha?"

"Litatosha, Bwana Fakihi, wewe jenga tu, tupate pa kukaa!"

Wanaume wakabeba mawe. Wanawake wakachota maji ya kukorogea chokaa. Hata Mwatima mpika vitumbua, ambaye hadithi hii ni yake, alileta beseni zima la vitumbua kuwalisha mafundi. Likatoka baraza, wallahi, la kukaliwa na watu ishirini, lina kiambaza cha kuegemea na paa la bati juu. Tangu siku hiyo, baada ya alasiri, Kwabata yote ilikuwa juu ya baraza la Bwana Fakihi, na kahawa ni yake.

Basi mkitafuta mkosaji, tafuteni taratibu. Mtaa mzima ulijenga.

Huyu Mwatima alikaa katikati ya mtaa, pale palipokuwa na kina cha bwawa. Nyumba ya udongo na mawe, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hana mume, hana mtoto. Alikuwa na mama yake tu, Bi Mize. Bi Mize miguu ilikuwa imekufa ganzi mwaka wa nne ule, yuko kitandani. Miguu ilikufa, ulimi haukufa. Ukipita dirishani kwake bila salamu, atakutaja wewe, mama yako, na siku uliyozaliwa.

Mwatima aliipenda nyumba ile. Aliipenda kama mtu anavyompenda aliyemzaa. Alijua kila jiwe lake, akiikandika mwenyewe kila kiangazi, akisema, "Nyumba ya baba haianguki nami nimesimama."

Yakaja masika ya mwaka wa tatu. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha.

Siku ya kwanza, maji yakateremka kutoka mitaa ya juu, yakafika barazani kwa Bwana Fakihi yakatafuta mtaro. Mtaro hayakuuona. Unasemaje wewe? Ndiyo, maji hayana macho, lakini njia yake yanaijua, niache nisimulie. Yakakuta bomba. Na bomba lilikwisha jaa: mifuko, makumbi ya nazi, kandambili moja ya kushoto. Maji yakarudi nyuma. Yakaingia kwa Mwatima hadi kwenye kifundo cha mguu.

Mwatima akaweka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda cha mama yake. Akashika kopo, akaanza kuchota na kuimba. Mniitikie:

*Maji, maji, mwanitakia nini?*
*Nachota kopo —*

— Mwarudi pipa!

*Nachota pipa —*

— Mwarudi kisima!

Akachoka. Akajitanda kanga, akaenda kwa Bwana Fakihi. Akamkuta amekaa barazani, kikombe mkononi.

"Bwana Fakihi, maji yameingia ndani. Bomba halipitishi. Tufungue mtaro, tafadhali."

"Pole, dada'angu. Pole sana. Lakini hili si bomba. Hii ni bamvua. Bahari imejaa kupita kiasi, maji hayana pa kwenda. Bahari ikitoka, na maji yatatoka. Subira huvuta heri."

Akaagiza apelekewe magunia mawili ya mchanga ya kuzuia mlangoni, na birika la chai ya tangawizi kwa mama yake. Mnaona? Si mtu mbaya. Msimchukie mapema.

Bahari ikatoka. Ikaenda mbali, mpaka kaa wakaonekana wakikimbizana kwenye matope. Maji ya Kwabata hayakutoka.

Siku ya pili. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yakafika magotini. Friji la jirani likaelea, likageuka mlango juu, kuku akapanda juu yake akakaa. Magodoro yakavimba. Mwatima akaweka tofali la pili.

"Mwatima," akasema Bi Mize, "umenisogeza karibu na Mungu, lakini sijasema niko tayari."

Mwatima akacheka, machozi yakimtoka. Akashika kopo.

*Maji, maji, mwanitakia nini?*
*Nachota kopo —*

— Mwarudi pipa!

*Nachota pipa —*

— Mwarudi kisima!

Akaenda kumtafuta Sheha Vuai, mkubwa wa mtaa, yule mwenye muhuri. Alimkuta wapi? Semeni nyie. Ndiyo! Barazani kwa Bwana Fakihi, anacheza dhumna, miguu ameikunja juu isilowe.

"Sheha, nyumba yangu itaanguka. Baraza hili limeziba maji."

Sheha Vuai akamtazama Bwana Fakihi. Akatazama kikombe chake cha kahawa. Mtu umekunywa kahawa ya mwenzio miaka mitatu, utafungua kinywa gani kumwambia avunje baraza lake?

"Tutaita mkutano," akasema.

"Wapi?"

"Hapa hapa barazani. Mvua ikikatika."

Bwana Fakihi naye akasema, "Ni bamvua tu, Mwatima. Kesho itapungua."

Mwatima akarudi kwake akipasua maji kwa magoti.

Siku ya tatu. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha! Maji yakafika kiunoni. Tofali la tatu. Na asubuhi hiyo Mwatima akaona ufa kwenye ukuta wa mbele. Alipoutazama mara ya kwanza ulikuwa wa kupitisha uzi. Mara ya pili, wa kupitisha kidole. Mara ya tatu aliutia mkono, akahisi mvua ya nje.

Bi Mize alikuwa anautazama ule ufa tangu alfajiri.

"Mwatima, niondoe hapa. Ukiniongezea tofali jengine nitagombana na popo."

"Nikupeleke wapi, mama? Shule imejaa watu, na njia ya kwenda shule imejaa maji."

"Nipeleke kwa Fakihi."

"Kwa Fakihi! Yeye ndiye aliyetuziba!"

"Huko huko. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakaja majirani wanne, wakakibeba kitanda mabegani na Bi Mize juu yake.

"Msinibebe kama maiti, mie nipo!" akawapigia kelele. "Inueni upande wa kichwa, nione njia!"

Wakafika. "Hodi!"

Bwana Fakihi akaruka kuwapokea. "Karibuni, karibuni! Shikamoo mama. Mwingizeni ndani, Zuwena tandika kitanda cha wageni!"

"Marahaba, mwanangu. Starehe, ndani siingii. Nitandikieni mkeka hapa barazani. Mie nimechoka kulala juu ya matofali, napenda kuona watu."

Mgeni habishiwi. Wakamlaza barazani. Na walipoona Bi Mize amekwenda, majirani wengine nao wakaja, na watoto wao, na mbuzi, na masufuria. Baraza likajaa. Bi Zuwena, mke wa Bwana Fakihi, akateleka uji sufuria baada ya sufuria, hakunung'unika hata mara moja. Na mumewe akasimama katikati amefurahi. "Mnaona?" akasema. "Baraza hili limeokoa mtaa!"

Watu wakatazamana. Wakarudi kwenye uji wao.

Mwatima je? Mwatima hakukaa. Alipokwisha kumfunika mama yake, alichukua boriti moja, akarudi majini.

"Unakwenda wapi?" mama yake akamwita.

"Kuutegemeza ukuta."

"Mwatima, uache! Ukuta utajengwa mwengine, wewe sitakuzaa mwengine!"

"Nyumba ya baba haianguki nami nimesimama."

Akaingia ndani, akaweka boriti kwenye ukuta ule wenye ufa, akaegemea kwa bega lake. Wanaume wawili wakamfuata wakamsihi, akakataa kutoka. Alikuwa amesimama majini, anatetemeka, anaimba kwa sauti ndogo. Mwitikieni taratibu sasa.

*Maji, maji, mwanitakia nini?*

— Mwarudi pipa...

Bi Mize akalala juu ya mkeka wake, akafumba macho. Watu wakadhani amelala. Hakulala. Mama mtoto wake akiwa chini ya ukuta, atalala?

Akafumbua macho.

"Fakihi!"

"Labeka, mama."

"Huku chini kuna mtu anapiga hodi."

Bwana Fakihi akacheka. "Ni mvua hiyo, mama, inapiga bati."

Bi Mize akafumba macho tena. Baada ya kitambo:

"Fakihi! Mtu huyu sasa anagonga kwa ngumi."

"Ni watoto, mama, wanarukaruka. Enyi watoto, tulieni!"

Mara ya tatu hakuita kwa nguvu. Aliita polepole, kama mtu anayeona haya.

"Fakihi, mwanangu. Sasa anakutaja jina."

Dhumna likasimama. Bwana Fakihi akaweka kikombe chini.

"Ananitaja mimi?"

"Wewe. Jina lako, na la marehemu baba yako."

"Anasemaje?"

"Mie mtu mzima, sishiki vizuri. Njoo usikilize mwenyewe."

Bwana Fakihi akasogea, akasimama karibu yake. "Sisikii kitu."

"Utasikia vipi umesimama? Inama."

Akainama. "Bado sisikii."

"Weka sikio."

Jamani, tangu azaliwe hakuna aliyemwona Bwana Fakihi ameweka kichwa chini ila msikitini. Lakini mbele ya watu wote, na kanzu yake nyeupe, alipiga magoti, akalala, akaweka shavu juu ya sakafu ya baraza lake. Hata mbuzi alinyamaza.

Akasikia.

Akasikia maji chini yake, yanasukuma kifusi, yanarudi, yanasukuma tena, yananguruma kama tumbo la mtu aliyeshinda na njaa siku tatu. Akasikia jiwe linasagika juu ya jiwe. Na alipokuwa amelala vile, jicho lake limekuwa sawa na maji, akaona kitu ambacho hakukiona siku zote tatu alizokaa. Akaona maji yote ya Kwabata yamekuja kusimama mlangoni pake. Akaona upande huu mtaa mzima umo majini, na upande wa pili wa baraza, kwenye mikoko, mchanga mtupu, hata dimbwi hakuna. Akaona mlango wa Mwatima, na ndani yake kichwa cha Mwatima na boriti, na ukuta umemwinamia.

Akainuka, uso umembadilika.

"Nileteeni mtaimbo!"

Hakuna aliyesogea. Watu waliona haya. Sheha Vuai akasema, "Bwana Fakihi, yakhe, tungoje mkutano..."

"Mkutano ndio huu! Mtaimbo!"

Bi Zuwena ndiye aliyeuleta, akamkabidhi mumewe. Wakamhamisha Bi Mize na watoto, wakawapeleka ukumbini. Bwana Fakihi akapiga. Baraza likalia. Akapiga mara ya pili, likapasuka. Akapiga mara ya tatu, huku analia waziwazi kama mtoto, na jiwe la kati likazama. Hapo wote wakarukia: kwa majembe, kwa nyundo, kwa mikono. Walilijenga pamoja, wakalivunja pamoja.

Maji yakatoka!

Yakatoka na mifuko, yakatoka na makumbi, yakatoka na ile kandambili ya kushoto. Friji likapita na kuku wake juu, watu wakamdaka kuku, friji likaenda zake mikokoni. Kwabata ikaanza kupumua.

Bwana Fakihi hakungoja kuangalia. Alijitosa majini na kanzu yake, akapasua mpaka mlangoni kwa Mwatima.

"Mwatima! Toka! Maji yanaondoka!"

"Usinidanganye, Bwana Fakihi. Niache na nyumba yangu."

"Angalia miguu yako!"

Mwatima akaangalia. Maji yaliyokuwa kiunoni yalikuwa magotini. Akastaajabu. Akaachia boriti, akatoka mlangoni kuona maji yanakwendaje.

Akatoka hatua moja. Akatoka ya pili. Akatoka ya tatu.

Nyuma yake ukuta ukakaa chini. Haukupiga kelele nyingi. Udongo uliolowa siku tatu hauna sauti. Ukaanguka pale pale alipokuwa amesimama, na paa likafuata.

Mwatima akageuka, akatazama. Akalia kilio ambacho kila mtu Kwabata alikisikia, na wengi wakalia naye. Msiseme alipona, basi angeshukuru tu. Alishukuru, baadaye. Siku hiyo alikuwa amepoteza nyumba ya baba yake, na alistahili kuilia.

Masika yakapita. Jua likatoka, matope yakakauka, mtaro ukabaki wazi, umewekewa daraja la mbao la kupitia watu. Na Bwana Fakihi, kila siku baada ya alasiri, akawa anabeba mawe. Mawe gani? Ya baraza. Jiwe moja moja, begani, mpaka kwa Mwatima, kumjengea ukuta. Safari hii ukuta ulikuwa wa mawe matupu na chokaa, juu ya msingi mrefu. Sheha Vuai naye alibeba, ingawa alipumzika sana. Mwatima mwenyewe alikoroga chokaa, akiwakosoa mafundi kila jiwe.

Siku moja Bwana Fakihi akatua jiwe lake karibu na Bi Mize, ambaye walimtandikia mkeka nje asimamie kazi kwa ulimi.

"Mama, nikuulize. Siku ile, kweli ulisikia jina langu?"

Bi Mize akamtazama juu mpaka chini.

"Fakihi, mvua inapiga bati, watoto wanalia, mbuzi analia, Vuai anagonga dhumna. Ningesikia nini mie? Sikusikia kitu."

"Sasa ulijuaje kwamba maji yako chini?"

"Hilo nani hakulijua? Mwatima alikwambia mara mbili, nawe umekaa. Yangekuwa maneno yanatosha, ukuta wangu ungekuwa umesimama. Nikasema moyoni, huyu si mtu mbaya, huyu yuko juu tu. Nikataka uiname."

Bwana Fakihi akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kanzu haikuwa nyeupe tena. Halafu akarudi kuchukua jiwe jengine.

Hadithi imekauka, na koo langu limekauka. Ikiwa tamu, gawaneni mwende nayo majumbani. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nitainywea kahawa.

— Mvua?

— Imepita!

— Na njia yake?

— Tumeiacha wazi!